Kiu ya Mlinzi

Kila alasiri kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walimiminika kushuka kuelekea mjini, na Kifimbo peke yake alipanda kilima. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake kwa sababu ya miguu yake, iliyokonda na kunyooka kama rula. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alifua mashuka hospitalini na kurejea jioni. Baba yake, fundi mwashi, alikuwa na kazi ya ujenzi katika mji mwingine. Kwa hiyo mtoto alikula chakula chake cha mchana na kuandika kazi zake za shule mahali alipokuwa shangazi, naye shangazi alikuwa mtunza mimea katika bustani ya madungusi iliyokuwa ubavuni mwa kilima.

Bustani hiyo iliwashangaza wageni. Wengi walikuja wakitarajia nyasi na maua, wakakuta ngazi za mawe zikipanda kutoka tuta hadi tuta, na juu ya kila tuta mimea isiyofanana na kitu walichokijua. Mingine ilisimama kama nguzo. Mingine ilikuwa ya mviringo kama mito ya kukalia iliyochomekwa sindano. Kulikuwa na mishubiri yenye majani manene, na mimea midogo ambayo ungeidhani ni kokoto mpaka uiname na kuitazama vizuri.

"Hapa kila mmoja kajifungia maji yake ndani," shangazi aliwaambia wageni, "na hiyo miiba ndiyo kufuli."

Aliyekuwa mkubwa wao wote ni Mlinzi. Hilo lilikuwa dungusi refu kuliko watu wawili waliobebana mabegani, na lilisimama peke yake kwenye tuta la juu, likitazama lango. Hakuna mfanyakazi aliyekumbuka lilipopandwa. Hata mkuu wa bustani, mwanamke aliyesomea elimu ya mimea na asiyependa kukisia, alikuwa akisema tu, "Tulimkuta."

Mwaka huo mvua zilinyesha kupita kiasi. Asubuhi moja ukuta wa tuta la juu ulimeguka na udongo ukaporomoka pamoja na yote yaliyokuwa juu yake. Mlinzi alikutwa amelala ubavu, nusu ya mizizi yake imekatika. Wafanyakazi walimviringishia magunia, wakamfunga kamba, wakamteremsha taratibu kama mgonjwa anayeshushwa ngazi, na kumsimamisha ndani ya banda la miche, katika pipa lililokatwa nusu na kujazwa mchanga mkavu. Kumzunguka walipanga mimea mingine iliyookolewa: safu ya mishubiri, madungusi ya mviringo, na trei za miche midogo ambayo shangazi aliiotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu na kuilea kwa miaka.

Kabla hata tope halijakauka kwenye ngazi, habari nyingine mbaya ilifika. Bibi yake Kifimbo, mama yake shangazi, alikuwa ameteleza na kuvunjika nyonga, na hakuwa na mtu wa kumuuguza. Shangazi aliomba ruhusa. Siku ya kuondoka alimshika Kifimbo mkono, akamwingiza bandani.

"Unaiona mizizi hii? Ile iliyokatika ni vidonda. Kidonda cha dungusi kikipata maji kabla hakijafunga, kinaoza. Kwa hiyo Mlinzi hatakunywa hata tone mpaka nirudi. Tumeelewana?"

"Na akisikia kiu, shangazi?"

"Ana maji ya kutosha humo mwilini. Atasinyaa kidogo. Atakuwa na sura ya mgonjwa. Usimwonee huruma. Wenzangu wako juu wanajenga ukuta, hawatakuwa na nafasi ya kuja humu. Wewe ukifika utafungua madirisha, ukiondoka utayafunga. Basi. Kazi yako kubwa ni kutofanya kitu."

"Hiyo nayo ni kazi?" Kifimbo alicheka.

"Utaniambia," alisema shangazi, bila kucheka.

Mwanzoni ilikuwa rahisi. Kifimbo alifungua madirisha, akaketi kwenye kiti cha shangazi, akaandika hesabu zake huku Mlinzi akiwa amesimama nyuma yake. Lakini kadiri siku zilivyopita, ngozi ya Mlinzi ilianza kukunjamana. Mifuo ya shina, ile mistari minene iliyoshuka toka juu hadi chini, iliyokuwa imejaa na kunyooka ikawa kama nguo iliyokosa pasi. Kifimbo akawa anahamisha kiti chake ili asimtazame sana.

Kisha mwalimu wa sayansi akalileta darasa lao kutembelea bustani. Kwa Kifimbo hiyo ilikuwa siku ya heshima, maana muhula mzima alikuwa amejigamba kuhusu Mlinzi, mrefu kuliko mlingoti wa bendera ya shule. Mwalimu alipobaki nyuma kuzungumza na mkuu wa bustani, wanafunzi kadhaa walimtaka Kifimbo awaonyeshe huyo Mlinzi wake. Aliwaongoza hadi bandani.

Walimzunguka Mlinzi. Halafu mvulana mmoja mwenye maneno mengi, ambaye darasa zima lilimwita Chiriku, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Huyu ndiye? Mbona kasinyaa kama soksi ya babu yangu?"

Wenzake wakapasuka kwa kicheko.

"Analinda nini huyu?" Chiriku aliendelea, maana akishaanza hakuwa na breki. "Mwizi akija, si yeye ndiye atakayeomba ashikwe mkono?"

"Katoka kuumwa," Kifimbo alisema. "Anapona."

"Anapona kwa dawa gani? Mchanga wenyewe mkavu kama unga." Msichana mmoja alikuwa amegusa pipa. "Maskini, ana kiu. Kwetu hata mbwa anawekewa maji."

"Shangazi yako si ndiye mtunzaji?" akauliza mwingine. "Sasa anatunza nini?"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Angeweza kuwaeleza habari za vidonda na mizizi, alizijua zote. Lakini aibu ilimshika, na mwalimu akaita watu wajipange.

Darasa lilipoondoka, Kifimbo alirudi bandani. Mlinzi alikuwa palepale, amekunjamana, na sasa Kifimbo hakuweza kumwona kwa macho mengine ila yale ya wenzake. Ndoo ilikuwa chini ya bomba. Aliijaza, akaiinamisha taratibu kwenye pipa. Mchanga uliyameza maji kwa mlio mdogo, kama mtu anayekunywa kwa pupa. Mlio huo ulimfariji. Akaongeza ndoo nyingine.

Kesho yake alimwagilia tena, na siku zilizofuata vilevile. Aliona, au alidhani anaona, kwamba mifuo inaanza kujaa. Alijiambia kuwa shangazi atakaporudi atashangaa jinsi Mlinzi alivyonenepa.

Alasiri moja, alipoinama kumwaga maji, aliona doa la kahawia kwenye shina, karibu na mchanga. Alilibonyeza kwa kidole. Kidole kilizama. Harufu iliyotoka ilikuwa ya viazi vilivyosahauliwa ndani ya gunia.

Kifimbo aliirudisha ndoo chini ya bomba na kuipindua. Kisha akachota kokoto kavu kutoka kwenye rundo lililokuwa nje, akazimwaga kwenye pipa, akazisawazisha kwa kiganja mpaka doa na mchanga uliolowa vikafunikwa visionekane. Pengine litakauka lenyewe, alifikiri. Vidonda vyake mwenyewe vya magotini si hukauka?

Ruhusa ilipokwisha, shangazi alirudi akiwa amekonda. Nyonga ya bibi ilikuwa haijaunga, na madaktari hawakuwa wakitoa matumaini kwamba angetembea tena.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Kifimbo wangu. Mlinzi yupo?"

"Yupo."

Walikwenda pamoja. Shangazi alimtazama Mlinzi kuanzia juu hadi chini, akagusa kokoto za juu, akazikuta kavu. "Umemwekea kokoto?"

"Ili apendeze."

"Hukumpa maji?"

Lilikuwa swali dogo, na mlango ulikuwa wazi. Kifimbo alitazama viatu vyake. "Sikumpa."

Shangazi alimpapasa kichwani. "Umekuwa mtu mzima. Wapo watu wazima nisiowaamini kwa kazi kama hiyo."

Kama angemgombeza, pengine Kifimbo angesema. Sifa ile ilimfunga mdomo kuliko ukali wowote. Kila siku alipanga kusema, na kila siku ukweli ukawa mzito zaidi, kwa kuwa sasa haukuwa ukweli wa ndoo tu. Ulikuwa pia ukweli wa jibu alilolitoa.

Doa, kwa upande wake, halikusubiri. Lilipanda juu ya kokoto. Siku shangazi alipoliona, aliacha kila kitu na kwenda kumwita mkuu wa bustani. Wafanyakazi wote walikusanyika mlangoni. Kifimbo alikuwa kwenye kiti, na daftari la hesabu mapajani.

"Nani alimwagilia maji?" mkuu aliuliza.

Mmoja baada ya mwingine walikana. Fundi bomba, mzee mtaratibu aliyekuwa akipenda utani, aliinua mikono yake iliyojaa saruji. "Mama, tangu ukuta uanguke mimi nimeoga mara chache kuliko dungusi. Maji ya kumpa yeye ningeyatoa wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Na mtoto?" mkuu aliuliza.

Kifimbo alifungua mdomo, lakini shangazi alimtangulia. "Mtoto nilimwuliza. Hakumpa. Huyu namjua, hanidanganyi."

Mkuu alichuchumaa mbele ya pipa kwa muda mrefu. Shangazi alitaka kuuchimbua mchanga, naye akamzuia. "Usiuguse. Kama ni ninachokiogopa, utakisambaza kwa mikono." Alisimama, akavua miwani. "Juu pakavu, na maji hakupewa. Basi ni ugonjwa, na umekuja na lile tope. Ukitoka humu ukapanda kilimani, hatutakuwa na bustani. Nasikitika. Vyote vilivyomo katika banda hili vichomwe."

"Hata miche?" Sauti ya shangazi ilikuwa ndogo.

"Hata miche."

Jumamosi asubuhi walichimba shimo chini ya kilima, mbali na matuta, wakawasha moto. Fundi bomba alisukuma mkokoteni. Safari ya kwanza ilibeba mishubiri yote. Kifimbo, aliyekuja na mama yake kusaidia, alisimama akiitazama ikitupwa mmoja mmoja. Majani manene hayakushika moto upesi. Yalichemka kwanza, yakatoa mlio mrefu mwembamba, maji yake yote yakitoka. Mama yake aligeuza uso pembeni. Shangazi hakugeuka. Alisimama karibu mno na moto, mikono imeanguka ubavuni, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Mkokoteni ulirudi juu kupakia madungusi ya mviringo. Miche shangazi hakutaka ipakiwe na mtu. Alichukua trei moja, akampa Kifimbo nyingine. "Tembea polepole," alisema, kama kwamba bado kulikuwa na sababu ya kuangalia isianguke.

Katika trei hiyo miche ilikuwa na ukubwa wa kucha. Kila mmoja ulikuwa na miiba yake laini, myeupe kama mvi. Mimea hii haikuwa na ugonjwa. Katika kilima chote, mtu mmoja tu alilijua hilo.

Kifimbo alisimama katikati ya ngazi.

"Shangazi, haiumwi."

"Nini?"

"Miche. Yote. Hakuna ugonjwa. Mimi ndiye niliyempa Mlinzi maji."

Shangazi alikuwa ngazi kadhaa mbele yake. Hakugeuka mara moja. Aliweka trei yake chini juu ya jiwe, akahakikisha imekaa vizuri, ndipo akageuka.

"Lini?"

"Siku darasa letu lilipokuja. Walimcheka. Wakakucheka na wewe. Nikampa siku ile, na siku nyingine nyingi. Halafu nikaliona doa, nikalifunika kwa kokoto."

"Siku niliporudi, doa lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Dogo."

"Na nilipokuuliza..."

"Ndiyo."

Mama yake Kifimbo, aliyekuwa nyuma yao, alisema kwa hasira, "Mtoto wewe! Umewaacha watu wazima wachimbe shimo..." Lakini shangazi aliinua kiganja, naye akanyamaza.

Walimwita mkuu. Kifimbo alilazimika kuyasema yote upya, na mara ya pili ilikuwa vigumu zaidi, kwa kuwa mkuu hakusaidia kwa swali wala kwa kutikisa kichwa. Alipomaliza, mkuu alikwenda bandani, akaondoa kokoto, akazamisha mwiko mpaka chini ya pipa. Mchanga uliotoka ulikuwa mweusi na umelowa. Aliuminya kiganjani, maji yakachuruzika.

"Zimeni moto," alisema.

Kisha alimtazama Kifimbo. "Mishubiri ile ilikuwa mizima."

"Najua, mama."

"Nimetoa amri ya kuchoma mimea mizima kwa sababu niliamini kila mtu amesema kweli." Hakupaza sauti. "Nami ningechimba, ningejua. Hilo ni langu. Lakini nilikuuliza ukiwa umekaa pale."

Ilibaki kumjaribu Mlinzi. Dungusi linaloozea chini, shangazi alieleza kwa sauti kavu, laweza kukatwa juu ya mahali palipooza. Kipande kizima hukaushwa na kupandwa upya. Walimlaza juu ya magunia. Shangazi alichukua msumeno, akaukata mwili ule karibu na kati. Nyama nzima ya dungusi huwa ya kijani kibichi, na katikati nyeupe. Hapa katikati palikuwa na duara la kahawia.

Akakata juu zaidi. Duara lilikuwepo. Akakata tena, na tena, akifuta msumeno kwa kitambaa kila mara, na kila mara Kifimbo akajisemea kwamba kipande kijacho kitakuwa safi. Fundi bomba alivisogeza vipande pembeni bila utani. Kilipobaki kipande cha ncha, kisichozidi urefu wa kiganja, shangazi alivuta pumzi na kukipasua. Kahawia ilikuwemo, ndogo kama kifungo cha shati, katikati kabisa.

"Basi," alisema mkuu.

Wengine walipokwenda kunawa, shangazi alibaki ameketi juu ya pipa lililopinduliwa. Kifimbo alisimama mbele yake.

"Shangazi, nisamehe."

"Nimekusamehe. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, nitakupeleka wapi? Lakini msamaha wangu haumwoteshi Mlinzi mizizi. Keti nikwambie jambo, na ulisikilize sasa, kwa sababu kesho sitapenda kulirudia." Alisubiri mpaka Kifimbo akaketi. "Ile ndoo ulimimina kwa huruma na kwa aibu. Ni kosa, nami hilo naweza kulielewa. Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii, niliua mimea mingi kwa huruma. Siku niliporudi, doa lilikuwa dogo. Ungeniambia, ningekata siku hiyohiyo, na zaidi ya nusu ya Mlinzi ingekuwa hai leo. Mishubiri ingekuwa hai. Maji yalimwumiza, Kifimbo. Kilichommaliza ni zile siku ulizokaa kimya. Mtu akikosea na kusema, wenzake wanapata mahali pa kuanzia kutengeneza. Akificha, anawafanya nao wakosee, tena kwa mikono yao, kama tulivyokosea sisi asubuhi ya leo."

"Na ile miche?"

"Miche imepona. Umeiponya kwa kusema, nalo silisahau. Ila umesema tukiwa tumekwisha kuchoma, na hilo pia silisahau." Alisimama, akajikung'uta mchanga. "Hata tukiotesha mwingine leo, mimi sitamwona akifika urefu wa Mlinzi. Labda wajukuu zako."

Jioni hiyo walirudisha trei bandani moja baada ya nyingine. Shangazi hakumwita kwa jina la utani hata mara moja.

Jumatatu mwalimu wa sayansi aliwauliza wanafunzi nani ana habari za bustani. Kifimbo hakulazimishwa na mtu. Alisimama karibu na dawati lake, akasimulia kuanzia ndoo ya kwanza hadi kipande cha mwisho, bila kutaja nani alisema nini bandani. Hakuiruka mishubiri.

Wakati wa mapumziko Chiriku alimfuata hadi kwenye bomba la maji. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alionekana kutafuta maneno.

"Ni sisi tuliokucheka," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyeanza. Kwa nini hukusema darasani kwamba ni sisi?"

Kifimbo alifunga bomba, akalikaza vizuri mpaka likaacha kudondoka.

"Ninyi mlicheka," alisema. "Ndoo niliibeba mimi."